Gololi zinapogeuka maji ya Mto Ruaha Mkuu

Na Mwandishi Wetu, Mtera

KINA cha Bwawa la Mtera kinaposhuka kuelekea mita 690 kutoka usawa wa bahari, ambacho ni kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo yake ya megawati 80, lawama huelekezwa mbali na bwawa lenyewe. Hutupiwa wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wanaochepusha maji ya mito inayoulisha Ruaha Mkuu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ugomvi wa maji katika bonde hilo uliletwa mezani kwa njia ya mchezo. Ulibuniwa na Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, na kutumiwa na mradi wa utafiti wa RIPARWIN, ulioshirikisha pia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA).

Ubao huinamishwa, ukiwa na mfereji mkuu katikati, ambao ndio mto. Gololi za kioo, ambazo ndizo maji, humwagwa kutoka juu. Wachezaji hushika nafasi za wakulima wa juu na wa chini, na kila mmoja huweka vijiti mtoni kama banio ili gololi ziingie shambani kwake. Kwanza kila mtu hujitafutia. Wa juu hujaza vishimo vyao, wa chini hubaki wakitazama. Ndipo majadiliano huanza.

Mtaalamu wa maji anaweza kuunung'unikia ubao huo. Gololi haikaushwi na jua, haizami ardhini, na ikishaingia shimoni hairudi mtoni, ilhali sehemu ya maji ya mashambani hurejea. Hata hivyo, kuyaingiza hayo yote kungehitaji majedwali na mahesabu, na mkulima angegeuka mtazamaji. Kilichobakizwa ni kiini cha ugomvi wenyewe: mteremko, na nafasi ya mtu kando ya mto.

Urahisi huo una gharama yake, na gharama hiyo huonekana Mtera. Mezani, gololi isiyofika chini imechukuliwa na mtu wa juu, basi. Lakini watafiti waliochunguza upungufu wa umeme wa miaka ya 1990 walieleza kuwa namna maji yalivyoachiwa kutoka Mtera kwenda Kidatu, penye mitambo ya megawati 204, nayo ilichangia. Uamuzi huo hauna kijiti wala kishimo katika mchezo. Anayetaka kuujadili atahitaji ubao mwingine, wenye Mtera juu na Kidatu chini.