Mkojo kama Mbolea ya Bustani: Zingatia Muda wa Kuvuna

Katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Jangwani, ardhi ya kulima ni haba. Mboga hupandwa katika viroba na ndoo kuukuu, uani au juu ya paa. Kwa kuwa mbolea ya dukani ina gharama, baadhi ya wakazi hutumia mkojo wa binadamu. Tunaona kuwa mkojo unafaa, ila kwa masharti. Na sharti kubwa ni muda.

Manufaa yake

Mtu mzima hutoa takriban lita 1 hadi 1.5 za mkojo kwa siku. Ndani yake mna naitrojeni nyingi, pamoja na fosforasi na potasiamu, virutubisho vilevile vilivyomo katika mbolea za viwandani.

Hatari zake

Hatari kubwa hutokana na kinyesi kuchanganyika na mkojo. Hata hivyo, vimelea vya homa ya matumbo na mayai ya kichocho huweza kutoka katika mkojo wenyewe. Mayai hayo huendeleza ugonjwa yakifika kwenye maji yasiyo ya chumvi yenye konokono. Kwa hiyo mkojo usimwagwe mitaroni wala katika Mto Msimbazi.

Mkojo ukihifadhiwa katika dumu lililofungwa vizuri, bila kuongezwa maji, hutoa amonia ambayo huua vimelea. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unaelekeza kuwa mkojo wa kaya nyingi uhifadhiwe kwa angalau miezi 6, katika joto la nyuzi 20 au zaidi, ndipo ufae kwa mazao yote. Kaya inayotumia mkojo wake kwa mboga zake yenyewe hailazimiki kuuhifadhi, mradi upite mwezi 1 kati ya kuuweka na kuvuna.

Tahadhari kuhusu mchicha

Hapa ndipo kosa hutokea kwa urahisi. Mchicha wa kung'oa huwa tayari baada ya wiki 3 hadi 4 tu. Anayeumwagilia mkojo mbichi kila wiki hawezi kutimiza sharti la mwezi 1. Mkojo huo uwekwe kwenye udongo wiki 2 kabla ya kusia mbegu, kisha usiongezwe tena. Matembele, yanayochumwa mara kwa mara, yatiwe mkojo uliohifadhiwa pekee. Kwa nyanya na bilinganya, acha kuweka mkojo mbichi mwezi 1 kabla ya kuanza kuchuma.

Masharti ya matumizi

1. Usitumie mkojo wa mgonjwa au wa anayetumia dawa za kuua bakteria.
2. Changanya sehemu 1 ya mkojo na sehemu 10 za maji. Katika kiroba chumvi hujikusanya upesi na kuunguza mizizi.
3. Mimina kwenye udongo, si kwenye majani, mbali na kisima.
4. Vaa glavu, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Kwa muuzaji na mnunuzi

Mboga zilizotiwa mkojo usiohifadhiwa zisipelekwe sokoni, kwani mnunuzi hawezi kuzitambua kwa macho. Nawe mlaji, osha mboga zote kwa maji safi yanayotiririka na upike mchicha hadi uive. Nyanya na matango ya kachumbari yahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huliwa bila kupitishwa motoni.