Biashara ya Watu: Padri na Askari Wakutane Nakivale

Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo na kuendeleza kazi ya kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa, wakawajengea kijiji cha kuishi kama watu huru. Miaka mitano baadaye, mwaka 1873, soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Mtu angedhani kwamba habari hiyo imekwisha kuwa ya vitabuni. La hasha! Mnyororo wa chuma umeondoka, umebaki mnyororo wa ahadi.

Askari atokaye Mbarara kuelekea Kikagati, mpakani mwa Tanzania, hupita Kabingo, makao makuu ya Wilaya ya Isingiro. Ndani ya wilaya hiyo yamo makazi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na idadi yao yapita laki moja. Mwaka 2022, M23 walipouteka mji wa Bunagana, maelfu walivuka mpaka, wakapokewa Nyakabande, na wengi wakapelekwa Nakivale. Mtu aliyepoteza shamba, ndugu na vyeti kwa siku moja ni windo jepesi la mwenye ulimi mtamu. Huambiwa kuna kazi ya nyumbani mjini, au ya mshahara mnono Uarabuni, na nauli imekwisha kulipwa.

Hapa yafaa tuelewane. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kusafiri na kufanya kazi. Kwa hiyo kumkuta ndani ya basi si kosa, wala askari asilifanye kuwa kosa. Linalotafutwa ni jambo jingine: nani ameshika karatasi zake? Nani anajibu kwa niaba yake? Je, anajua aendako na jina la mwajiri? Anadaiwa nini? Anayemvusha mtu mpaka kwa magendo humaliza kazi akishalipwa. Mfanyabiashara wa watu ndipo kwanza anaanza.

Sheria ya Kuzuia Biashara ya Watu ya mwaka 2009 iko wazi. Adhabu yake yafika kifungo cha miaka 15, na huwa kali zaidi anapoguswa mtoto. Ridhaa ya aliyedanganywa haimwokoi mshitakiwa. Tena aliyeuzwa haadhibiwi kwa kosa lililotokana moja kwa moja na kuuzwa kwake. Askari amwekaye msichana wa namna hiyo mahabusu, huku akimwachia 'mjomba' wake aende zake, amemtendea kazi mhalifu.

Kanisa Katoliki limeliona jambo hili kuwa jeraha la utu. Mwaka 2009 masista wa mashirika mbalimbali duniani waliunda mtandao uitwao Talitha Kum, wa kuzuia biashara hii na kuwatunza walioathirika. Mwaka 2014 maaskofu na wakuu wa polisi walikutana Vatikani mbele ya Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, na hapo likazaliwa Kundi la Santa Marta. Tangu mwaka 2015, tarehe 8 Februari ni siku ya kuwaombea waliouzwa. Ndiyo sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, mwana wa Darfur, aliyetekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, na kufa mtawa nchini Italia mwaka 1947.

Kwa nini padri na polisi? Kwa sababu kila mmoja ana kile ambacho mwenziwe hana. Nakivale imo katika Jimbo Kuu la Mbarara. Padri, sista na katekista hujua ni binti gani hakuonekana Jumapili, na ni mgeni gani anazunguka akiandikisha majina. Lakini hawana mamlaka ya kukamata. Askari anayo mamlaka, ila mkimbizi aliyekimbia bunduki huogopa sare hata ikiwa ya mlinzi wake. Siri ya kitubio haiguswi, wala askari asiidai. Lakini yasemwayo barazani na sokoni si kitubio.

Tena askari wetu ana silaha isiyo na risasi, nayo ni Kiswahili. Ni lugha ya kambi za jeshi na polisi, na pia ya Wakongo na Warundi wengi. Mwenye kuijua aweza kumtenga msafiri na msindikizaji wake, akamwuliza pole pole, bila mkalimani ambaye huenda ndiye mwuzaji.

Basi, ndugu zetu mlioko vizuizini na mipakani, swali moja lililoulizwa kwa upole Kabingo laweza kumrudisha mtoto kwa mama yake. Likikosa kuulizwa hapo, ng'ambo hataliuliza mtu.