Sahani Nne, Unga wa Mtu Mmoja



Tawi letu liko katika shamba la chai magharibi mwa Uganda. Huku kwetu mchuma chai hulipwa kwa kilo za majani, na kila mwisho wa mwezi ugomvi ni ule ule: kilo zilizopimwa shambani hazilingani na zile zilizoandikwa kwenye karatasi ya mshahara. Kwa hiyo tawi liliamua kuweka hesabu yake lenyewe. Mjumbe wa kila genge huandika kilo za wenzake katika daftari, na katibu huziingiza katika kompyuta ya tawi.

Mwaka 2024, siku tatu kabla ya kukutana na mwajiri juu ya madai hayo, hesabu ya miezi miwili ilipotea.

Kompyuta yetu ilikuwa na tundu moja tu zima la USB. Tulinunua kile kidude chenye matundu manne ambacho mafundi hukiita habu. Jioni ile kilikuwa kimechomekwa diski ya nje yenye hesabu zetu, flashi, kipanya na simu ya katibu iliyokuwa ikichaji. Katikati ya kunakili, diski ikaanza kulia tik, tik, kisha ikatoweka kwenye kioo. Iliporudi, faili halikufunguka tena.

Tukaanza kulaumiana. Mmoja alisema ni virusi, mwingine akasema kijana wetu katibu amehongwa. Mimi mwenyewe nilimkaripia mbele ya watu. Baadaye fundi alitueleza kisa chenyewe, nami nikasimama mkutanoni kumwomba radhi. Kosa halikuwa lake. Ilikuwa njaa ya umeme.

HESABU YA UMEME

Mimi niliishia darasa la saba, na hesabu hii niliielewa. Wewe pia utaielewa.

Tundu la USB hutoa umeme wa volti 5. Kwa kanuni ya USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, tundu moja la kompyuta hutoa mkondo wa miliampea 500, yaani wati 2.5. Kanuni ya USB 3.0, ya mwaka 2008, iliongeza hadi miliampea 900, yaani wati 4.5. Mara nyingi tundu la aina hii lina ulimi wa buluu ndani.

Habu isiyo na waya wake wa umeme haina akiba yoyote. Yote inayogawa imeyapata katika lile tundu moja la kompyuta. Kwa kanuni ya USB 2.0, habu yenyewe hutengewa miliampea 100, na 400 zinazobaki hugawanywa kwa matundu manne, 100 kila moja. Ni kama genge la watu wanne kupewa posho ya mtu mmoja. Ukiongeza sahani, hujaongeza unga.

Kipanya na kibodi hushiba kwa hizo 100. Lakini diski ya nje yenye mota yaweza kutaka 500 au zaidi, hasa inapoanza kuzunguka, na simu inayochaji hutaka 500 au zaidi. Hizo mbili peke yake ni 1000, na tundu lina 500. Nguvu inaposhuka, mota ya diski husimama. Na ikisimama wakati inaandika, maandishi huharibika.

TUFANYE NINI?

1. Diski ya hesabu ichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja. Kipanya na kibodi ndivyo viende kwenye habu.

2. Simu zichajiwe ukutani.

3. Usichomeke habu juu ya habu ukidhani nguvu itaongezeka.

4. Mkinunua, nunueni habu yenye adapta yake, na msome maandishi ya adapta kabla ya kulipa. Ampea 1 ni miliampea 1000. Adapta ya volti 5 na ampea 2 hutosha matundu manne ya 500. Habu ya matundu saba yenye adapta hiyo hiyo haitoshi yote yakidai 500, kwa maana 7 mara 500 ni 3500.

5. Daftari la karatasi lisitupwe kamwe.

Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa. Watu wanne tulikesha siku mbili tukiingiza upya kilo za kila mchumaji kutoka madaftari ya wajumbe, na siku ya tatu tulikaa mbele ya mwajiri na hesabu kamili. Aliyesoma tarakimu zile, jina kwa jina, ni yule yule katibu tuliyemshuku.

Ndugu zangu, kabla hamjamnyoshea mwenzenu kidole, hesabuni kwanza vitu vilivyochomekwa.