Ukienda Kuzamia Nyumbani, Ulizia Kwanza Jaketi au Bawa

Kwa sisi tulio ughaibuni, neno "kuzamia" lina historia yake: kijana hujificha melini na kuibukia bandari ya watu. Leo tunazungumzia kuzamia kwenyewe, kwa mtungi wa hewa mgongoni. Watoto wetu waliokulia Ulaya wameupenda mchezo huu, na wakienda nyumbani likizo hutaka kuzamia Unguja, Pemba na Mafia.

Mpwa wetu mmoja alijifunza katika ziwa la baridi hapa Uingereza, akivaa kifaa cha kuelea ambacho wazamiaji hukiita bawa. Agosti 2023 alifika Nungwi, akakuta duka lina majaketi tu, na lililobaki lilikuwa kubwa, likimpanda hadi masikioni kila akilijaza hewa. Alilirudisha, na siku ile hakuzamia. Wenzake walimcheka. Sisi tulimpongeza.

Jaketi na bawa kazi yao ni moja: kumweka mzamiaji katikati ya maji, asizame kama jiwe wala asipande kama kopo tupu. Tofauti ni pale hewa inapokaa. Jaketi hujaa mbavuni na mgongoni, na juu ya maji humsimamisha mtu wima. Bawa hujaa mgongoni tu. Chini ya maji humlaza vizuri kama samaki, lakini likijazwa mno juu ya maji humsukuma kifudifudi. Tena jaketi nyingi zina kamba ya kutolea hewa kwenye bega la kulia, ambayo mabawa mengi hayana. Aliyezoea kimoja, akishikwa na hofu, mkono wake hutafuta kisichokuwapo.

Hapo ndipo penye hatari. Hewa iliyomo mapafuni kwenye kina cha mita 10 huwa maradufu mtu afikapo juu. Aliyeshindwa kutoa hewa kwenye kifaa chake hupanda kwa kasi, na akibana pumzi mapafu yanaweza kupasuka.

Mbona basi maduka mengi na mahoteli hukodisha jaketi tu? Si ubahili peke yake. Wanaoanza kujifunza wengi hufundishwa na jaketi, wateja hubadilika kila siku, na mikanda yake hurekebishwa kwa dakika moja. Bawa lenye bamba la chuma hupimwa kwa mwili wa mwenyewe. Bamba hilo nalo lina kilo mbili au tatu, hivyo aliyelizoea akivaa jaketi lazima ahesabu upya risasi za kumzamisha.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kabla ya kulipia, andika barua pepe uulize mambo manne: wana aina gani, wana saizi yako, mitungi yao ni ya chuma au alumini, na kiungo chake kinaingiana na kifaa chako cha kupumulia? Mtungi wa alumini ukikaribia kwisha huelea, na risasi lazima ziongezwe. Ukipewa kifaa kigeni, omba kwanza kukijaribu kwenye maji ya kina kifupi, ujaze na utoe hewa mpaka mkono uzoee.

Sisi wengine nyumbani hatujafika kwa miaka. Tunawatuma watoto wakaione bahari kwa niaba yetu, na tunataka warudi kutuhadithia. Tahadhari kabla ya athari.