Fahamu: Vatican, nchi unayoimaliza kwa miguu

Kwa Wakatoliki wa Mwigobero, mjini Musoma, Vatican haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Jimbo lao ndilo lililofungua mchakato wa kumtangaza mtakatifu Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943, na uamuzi wa mwisho uko mikononi mwa Papa.

Vatican ni nchi kamili, iliyozaliwa kwa mkataba na Italia mwaka 1929, lakini ina hekta 44 tu, ndani ya jiji la Roma. Mtanzania huingia kwa viza ya Schengen.

Kuingia Basilika la Mtakatifu Petro ni bure, ila foleni ya ukaguzi huwa ndefu, na mwenye mabega au magoti wazi hurudishwa mlangoni. Ukishaingia, geukia kulia kwanza. Hapo ipo Pietà ya Michelangelo: Maria amempakata mwanawe aliyekufa, na marumaru imechongwa hata mikunjo ya vazi inaonekana laini kama kitambaa chenyewe. Iko nyuma ya kioo tangu mtu alipoivamia kwa nyundo mwaka 1972.

Dari ya Kikanisa cha Sistina, aliyoichora Michelangelo kati ya 1508 na 1512, iko upande wa makumbusho, ambako kuna kiingilio. Kata tiketi mapema mtandaoni. Ndani ya kikanisa hicho ni marufuku kupiga picha, na ni heri iwe hivyo, maana watu huinua macho badala ya simu. Jumapili makumbusho hufungwa, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi, ambayo ni bure lakini msongamano wake haukuachii nafasi ya kutazama. Bora ulipe, uende asubuhi ya katikati ya wiki.