Wapelekeni watoto Kaole, wakaone Kariakoo ya zamani

Asubuhi ya Jumamosi kwenye maduka ya vyombo Kariakoo, maboksi ya mabakuli na sahani kutoka China hufunguliwa mlangoni, na watoto wasio na shule siku hiyo husaidia kuhesabu. Ukimuuliza mmoja wao biashara hii na China ilianza lini, huenda akakujibu ilianza baba yake alipofungua duka.

Jibu lenyewe liko umbali wa kama kilomita 70, Kaole, jirani na Bagamoyo. Ni safari ya siku moja, na sehemu yake nzuri ni ile ya kutembea kwa miguu.

Kuna watu wanaovuka bahari hadi misitu ya Guatemala kuona Tikal, mji wa kale wa Wamaya. Sisi wa Pwani tunayo magofu yetu. Kenya, karibu na Malindi, upo mji wa Gedi uliomezwa na msitu. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa familia ya Dar es Salaam, Kaole ndiyo iliyo karibu.

Bakuli kaburini

Kaole ulikuwa mji wa Waswahili. Zimebaki kuta za misikiti miwili, mkongwe ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Mafundi walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alifanya uchimbaji hapo.

Makaburi ya wakubwa yalipambwa kwa mabakuli ya kauri kutoka China, yakapachikwa ukutani kuonyesha hadhi ya marehemu. Mtoto wa muuza vyombo akielezwa hilo, hatahitaji kubembelezwa asikilize.

Na hapo pana jambo kubwa kuliko matembezi. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba miji hii ya mawe ilijengwa na wageni kutoka ng'ambo. Utafiti wa baadaye umeonyesha kuwa ni kazi ya watu wa Pwani wenyewe, waliofanya biashara na dunia, wakasilimu na wakaoleana na waliowajia. Mtoto asiyelijua hili atakua akidhani kila kitu cha maana kililetwa na meli.

Bahari ilikwenda wapi?

Mkimaliza makaburi, tembeeni kuelekea pwani. Mtoto atauliza vipi mji wa majahazi uko mbali na maji. Mwonyesheni mikoko. Tope lilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kutia nanga, na biashara ikahamia Bagamoyo.

Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kufafanuliwa somo hilo. Mtaa ukifungwa kwa matengenezo wiki moja tu, mauzo yanashuka. Kaole njia yake ilizibwa moja kwa moja.

Kabla ya kuondoka

Toka Dar es Salaam mapema ili jua la mchana lisiwakute njiani. Kutoka Bagamoyo mjini hadi magofuni ni kama kilomita tano. Wenye watoto wadogo wachukue bajaji, watembee wakifika. Bebeni maji, kofia na viatu vya kufunga. Tembeeni kwa kundi na mwongozaji, na muulize kiingilio langoni.

Vaeni kwa heshima, maana ni msikiti na makaburi, na wapo wanaokwenda kuomba dua hadi leo. Mtoto asipande juu ya kaburi wala kuandika jina ukutani. Asiokote hata kigae. Kikiwa mahali pake, kigae humwambia mtafiti nani aliishi pale na alikula kwenye chombo gani. Kikiwa mfukoni ni takataka.

Nauli ikiwa haijapatikana, anzeni na Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yenye vitu vilivyochimbuliwa Kilwa. Kutoka Kariakoo mnaweza kwenda kwa miguu. Mkirudi dukani, mwacheni mtoto afungue boksi linalofuata la mabakuli, kisha mwulizeni tena lile swali.