Tufani na Mitambo ya Upepo Baharini

Baharia akiona wingu zito hangoji. Hushusha tanga mapema. Mitambo ya upepo nayo hufanya hivyo.

Mtambo wa upepo ni mnara mrefu wenye mapanga matatu juu. Upepo huzungusha mapanga, na mtambo hutoa umeme. Baharini upepo ni mwingi, kwa hiyo nchi nyingi hujenga mitambo huko. Huko Marekani, mitambo 5 ilijengwa karibu na kisiwa cha Block Island. Ilianza kutoa umeme mwaka 2016. Lakini pwani hiyo hupata tufani.

Je, hatari hupimwaje?

Wataalamu husoma kumbukumbu za tufani zilizopita. Hutafuta upepo mkali unaotokea, kwa wastani, mara 1 katika miaka 50. Hii si ahadi kwamba upepo huo utangoja miaka 50! Fikiri kikapu chenye mbegu 50, na 1 tu ni nyeusi. Kila mwaka unatoa mbegu 1 bila kutazama, kisha unairudisha. Nyeusi yaweza kutoka hata mwaka wa kwanza. Katika miaka 25, nafasi ya kuitoa ni kama 40 kwa 100. Ndiyo maana mnara na msingi hujengwa imara.

Je, mtambo hujikingaje?

Upepo ukizidi kasi ya kilomita 90 hivi kwa saa, mitambo mingi husimama. Mapanga hugeuzwa ili upepo uyapite bila kuyasukuma sana. Kichwa cha mtambo nacho hugeuka kuukabili upepo. Kazi hii yataka umeme. Tufani ikikata nyaya, kichwa hakigeuki. Upepo ukibadili upande, huupiga mtambo ubavuni.

Mwaka 2003 tufani iliyoitwa Maemi ilipiga kisiwa cha Miyako, Japani. Upepo ulipita kilomita 260 kwa saa. Mitambo 3 iliyokuwa nchi kavu ilianguka. Minara 2 ilipinda, na mtambo 1 uliangushwa na msingi wake kuvunjika.

Kwa hiyo ni vema mtambo uwe na betri ya akiba, ili uweze kugeuka hata nyaya zikikatika. Gharama ya betri ni ndogo kuliko ya mnara mpya.

Tufani haizuiliki. Hasara yake hupunguzwa na aliyejiandaa mapema.

Maswali

1. Kwa nini mitambo husimama upepo ukiwa mkali mno?
2. Betri ya akiba ina kazi gani?
3. Ninyi hujiandaaje kabla ya dhoruba?